Mahali ya Wazee

Kimilili

Mjukuu wangu Nekesa,

Umeamkaje huko Nairobi? Sisi tuko, ila babu yako bado anakohoa, na ile ng'ombe nyeusi ilikufa. Unaniuliza kama Mlima Elgon ulikuwa na hazina, kama zile anazofukua yule profesa wa sinema mnayoangalia kwenye TV. Ati hazina!

Alikuja mmoja kama huyo nikiwa msichana, Wazungu wakiwa bado na mashamba ya Kitale. Alimuuliza baba yangu kwa Kiswahili chake kibovu, "Mzee, mali ya wazee iko wapi?" Baba alisikia "mahali", na kwetu mahali ya wazee ni makaburini. Akafurahi kwamba mgeni anataka kuwasalimu wazee wake. Akampeleka kwenye pango alikomzika mama yake, miaka ya vita ambayo sitaki kuieleza. Mimi niliwafuata.

"Ni hapa," baba akasema, akavua kofia. Mzungu naye akavua koti, akashika sururu.

"Si huyo ni mama!" baba akapiga kelele. Mzungu hakuacha kuchimba. Mifupa ikatiwa kwenye gunia pamoja na shanga zake, gari likateremka kwenda Kitale. Baba hakuvaa kofia tena.

Wewe angalia sinema yako, mama, si vibaya. Lakini profesa akiinua fuvu, uliza ni la nani. Aliyezikwa pale aliitwa Nekesa. Tulikupa jina lake ili arudi nyumbani.

Ni mimi, kukhu wako