Gemu Aliyochagua Halimah

Baba Halimah,

Chai iko kwa chupa. Mimi nimeenda kumwona mama kule Karurumo. Halimah yuko madrasa mpaka saa saba. Gemu yake mpya ya kucheza mkononi iko juu ya kabati, usiicheze kabla hajarudi!

Si ulisema mtoto wa miaka sita atachukua yoyote inayong'aa? Leo asubuhi dukani, aliyevutiwa na ile ya kung'aa ni mimi, na pesa nilikuwa nimeshatoa. Halimah akamwambia muuzaji, "Geuza nione nyuma," vile wateja wako hukuambia pale bucha. Kumbe kifuniko cha betri kilivunjika, kimebandikwa kwa gundi! Akachagua nyeusi, ndogo, nzima kabisa.

~~Mwombe msamaha.~~ Jumamosi ukienda kununua ng'ombe, enda naye. Yeye ndiye achague.

Mama Halimah