Kesi Alizoziacha Jaji

Durban, Machi 2010

Baba mdogo Fabien,

Sisi huku Berea wazima. Mwanangu Irakoze sasa anaongea Kizulu zaidi kuliko Kirundi. Eish, hata kuota anaota Kizulu.

Bado namtunza yule mzee Mmarekani wa Morningside. Macho yamemwisha, basi namsomea kitabu cha babu wa babu yake: karne ya kumi na tisa alikuwa wakili, akafanywa jaji, kisha akachaguliwa mbunge. Kila cheo, mzee anapiga makofi. Jana nikamuuliza, "Na kesi alizoziacha, alizichukua nani?" Akacheka tu. Kitabu hakisemi.

Mdogo wangu Diane amenipigia simu kutoka huko nyumbani. Anasema chama kimekuomba ugombee ubunge, nawe umekubali. Hongera. Vaa ile suti ya kijivu, inakupendeza.

Ni chama kilekile ambacho watu wake walimchukua mume wangu Bertrand. Wakili wetu katika kesi hiyo ni wewe. Ulisema mbele ya ukoo mzima kwamba matanga yake hayataondolewa mpaka hukumu itoke, na mpaka leo hayajaondolewa.

Basi kabla hujaenda kuapa bungeni, pita kwanza kwa mama yake Bertrand, uyaondoe matanga hayo wewe mwenyewe.

Mtoto wako,
Ninahazwe