Bibi Mize, Karafuu Hazijaroa

Mpendwa bibi yangu Mize,

Asalaam alaykum. Ndo mimi, Faki wa Fundo, yule kijana anayefanya kazi hapa nyumba ya wazee. Najua jina hutolikumbuka, hata ulipokuwa hapa Pemba hukulishika. Barua hii atakusomea mwanao, nawe ukichoka mwambie aache.

Jana mwanao kapiga simu ofisini. Kasema tangu akuchukue kwake Dar, wingu likitanda unapiga mlango wa chuma na kulia, na sasa wanataka kukupa vidonge vya usingizi. Akauliza, huko mlikuwa mkimpa dawa gani akatulia? Nikapewa simu mimi. Mbele za watu ulimi wangu mzito, bibi. Nikasema hatukumpa dawa, nikairudisha simu. Ndo maana naandika.

Ulipoletwa hapa ulikuwa hivyo hivyo. Kiwingu kidogo tu, ushafika barabarani bila viatu. "Mvua ile yaja, nanyi mmekaa. Karafuu zangu anazianua nani?" Nakukimbilia, nakwambia bibi hakuna karafuu, nawe wanipiga kofi. Msimamizi akaanza kukufungia mlango. Ulivyokuwa ukilia mle ndani, mie chakula hakinipiti.

Nikatandika jamvi uani, nikamwaga choroko za jikoni ziwe ndo karafuu zako. Ukainama, ukanusa.

"We kijana, kwenu pilau mwatia choroko?"

Wazee wakacheka, nami sikujua niutie wapi uso. Nikapanda baiskeli mpaka Ole, nikaomba kikapu cha karafuu mbichi kwa watu.

Basi tukawa na kazi. Tunachambua, vijiti vya makonyo huku, karafuu huku, halafu tunaanika. Wengine wakasogea. Hata Mzee Kombo, asiyesema na mtu, akakaa pembeni yako akichambua. Mie mtoto wa kisiwani Fundo najua nyavu, mkarafuu sijaupanda hata mmoja, lakini ukanifanya kijana wako wa kuchuma.

"Usinivunjie matawi, mvivu we."

"Sivunji, bibi."

"Huvunji kwa kuwa hupandi. Umekuja kula tu."

Wingu likija tunaanua. Likipita tunaanika tena. Huku shuka za watu hazijafuliwa, mgongo waniuma, nawe ushaona wingu jengine. Nilikuwa nachoka, bibi. Siku uliyoondoka nikasema leo ntapumzika. Wapi. Naona wingu, nainuka mwenyewe.

Sisemi kuwa ulipona. Chakula ulisahau kuwa ushakula, na marehemu mumeo ulimwita kila magharibi. Lakini mlango wako haukufungwa tena.

Sasa hapa mwanao asome taratibu. Karafuu nimempa mtu anayesafiri na boti, kidogo tu, kiasi cha kutia pilau, huyo msafiri asije akakamatwa kwa magendo, maana karafuu huku ni za kuuzia serikali tu. Jamvi mwanao alitafute huko, alitandike hata kibarazani ghorofani. Likija wingu asikwambie uko Dar. Asikwambie yale ya zamani yashapita. Ainuke tu. Jamvi la karafuu mtu mmoja haanui, zitamwagika. Wewe utashika huku, yeye ashike kule.

Wasalaam,

Kijana wako wa kuchuma