Ndama wa Sajini Kibwana

Jumanne, 1 Julai 1975. Korogwe

Nimeanza sura ya mwisho. Sajini Kibwana anastaafu. Vitabu kumi na sita, miaka kumi na tisa! Alianza kazi kwa kaptura ya mkoloni, akavuka Uhuru, akavuka Azimio, na hajawahi kumtia ndani mtu asiye na hatia. Hilo la mwisho Ernesti, mhariri wangu wa Dar, ameliandika mara mbili na kulipigia mstari. Anataka sherehe kituoni, hotuba, saa ya ukutani. Mswada umfikie Jumatatu ya tarehe 14.

Nimeandika ukurasa mmoja. Nimefagia ua. Nimeuchana ukurasa. Nimefagia tena ua usio na hata jani moja. Magoti yanayouma ni yangu, anayestaafu ni yeye.

Alhamisi, 3 Julai

Mgeni. Binti wa wafugaji, Nairesiae, mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji kipya huko Mkata. "Shikamoo mama." Akakaa ukingoni mwa kiti. Wanafunzi wake wamechoka na vijitabu vya mbolea, wakaomba hadithi. Akawasomea kitabu changu cha kwanza. Baba yake alikuwa amekaa nyuma, anasikiliza, macho yake yamekwisha.

Baba yake ni Loserian.

Nikaweka kikombe chini. Mwaka hamsini na tano Loserian alishtakiwa Handeni kwa wizi wa ng'ombe. Nilikwenda kusikiliza kesi siku ya kwanza tu. Nikapata nilichokitaka, nikarudi mbio kuandika. Jina nililipunguza herufi moja – Loseria – nikajiona mjanja. Kitabuni, ng'ombe ana alama ya sikio ya mtu mwingine. Sajini analishika lile sikio, anasema mwenye mali amekwisha kujitaja. Miaka saba jela. Wasomaji walipiga makofi.

Kumbe siku ya tatu Loserian aliachiwa. Rafiki yake alisimama mahakamani akasema, ng'ombe huyu nilimpa mimi. Kwao ng'ombe wa kupewa hakatwi alama mpya. Ukimkata, umemtukana aliyekupa. Kila mtoto wa boma anajua. Mimi, mtoto wa wakulima wa mihogo, sikujua wala sikuuliza.

Mahakama ilimwachia, kitabu hakikumwachia. Nairesiae mwenyewe, posa mbili zilirudi. Wachumba walikuwa wamesoma! Aliyasema haya polepole, bila hasira, na hapo ndipo nilipoona aibu.

"Baba anasema, Sajini asiache kazi kabla hajafika kwetu."

Nikamwambia, mwanangu, Sajini ni mtu wa kwenye karatasi. Akasema wanajua. Hata yule mwizi ni wa kwenye karatasi, na bado baba yake ndiye anayeitwa mwizi.

Jumapili, 6 Julai

Nimepanga foleni ya unga wa njano, nikatoka kwenye foleni, nikarudi mwisho wake. Watu wameniangalia.

Barua kwa Ernesti nimeipeleka jana. Nimemweleza yote.

Jumatano, 9 Julai

Ernesti amejibu kwa simu ya maandishi, maneno matano. Sajini hakosei endelea na sherehe.

Nimeandika sherehe. Nzuri! Hata saa ya ukutani inagonga. Nimeisoma kwa sauti, chakula kikanishinda.

Alhamisi, 10 Julai

Kurasa tisa bila kuinuka. Hakuna sherehe. Sajini anapanda lori hadi Mkata, anavua kofia mbele ya Loseria, anasema: nilikosea, na sikuuliza.

Nimelia, tena kwa hasira. Nilimpenda kwa sababu hakukosea. Mimi nimekosea ndoa, nimekosea shamba, nimekosea hata meno ya kung'oa. Yeye alikuwa kitu changu kimoja kilichonyooka. Sasa naye!

Kaboni hazipatikani madukani. Nakala ni hii moja tu.

Jumamosi, 12 Julai. Mkata, kando ya barabara

Naandikia gotini. Basi la Dar linapita saa kumi. Kondakta ananifahamu, atamfikishia Ernesti bahasha.

Asubuhi Nairesiae alimsomea baba yake zile kurasa tisa. Alipomaliza, mzee akasema, rudia pale anapovua kofia. Akarudia. Rudia tena. Kisha akaagiza aletwe ndama jike, mwekundu, sikio lina alama yake. Nikasema, mzee wangu, sistahili. "Sikupi wewe, mama. Nampa Sajini. Wewe mpelekee."

Basi nikatoka namvuta ndama kwa kamba, Nairesiae akinisindikiza. Hapa kwenye kizuizi cha barabarani mgambo akatusimamisha. Kibali cha mifugo? Sina. Akashika sikio la ndama. Alama ya nani hii? Ya Loserian, nikasema, amenipa.

"Loserian yule mwizi?" Akacheka kidogo. "Mama, mimi nimesoma. Sajini Kibwana alisema, ukishika sikio, mwenye mali amekwisha kujitaja."

Maneno yangu yenyewe! Nairesiae amekimbia kumwita baba yake, lakini mzee hutembea kwa kushikwa mkono. Hatafika kabla ya saa kumi.

Nikamwambia mgambo, mimi ndiye niliyemwandika Sajini. Akaniangalia kuanzia kanga mpaka kandambili. Ushahidi? Nikampa bahasha. Ningempa nini kingine?

Anasoma. Midomo inatembea. Amefika ukurasa wa tano, mahali pa kofia, maana ameacha kucheka. Amemgeukia ndama, amelitazama tena lile sikio, bila kulishika.

Basi hilo linakuja. Linapiga honi. Kondakta amening'inia mlangoni, anauliza kama kuna mzigo wangu. Nimeinuka. Mgambo hajanipa bahasha. Amenyoosha mkono kulisimamisha basi, amelamba kidole, amefunua ukurasa wa sita –