Ukifika Jiweni, Uite

Kijiji cha Ujamaa Kalumbwe,
Mwambao wa Ziwa Tanganyika,
Kupitia Duka la Bw. Huseni,
Sumbawanga.

17 Agosti, 1975

Mpendwa Mjomba Flavian,

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Dar es Salaam, pamoja na mkaza mjomba Sophia na watoto. Je, joto la huko likoje? Na mguu wako ulioteguka wakati wa Pasaka, umepona kabisa?

Sisi huku hatujambo. Bibi Kalista bado anakohoa asubuhi, sitakuficha, lakini jua likipanda anachukua jembe anakwenda kwenye muhogo wake, na mimi ndiye ninayembembeleza apumzike. Mama yupo kule mjini, Kasense, mzima, isipokuwa anaogopa utakavyosema ukisoma barua hii.

Mjomba, najua unangoja habari kwamba nimemfikisha Bibi mjini na kwamba amepanda basi la kuja kwako. Sijamfikisha. Na simleti. Maneno haya nimeyajaribu kwanza kwenye karatasi nyingine. Unanijua, hata shuleni nilipoulizwa swali nilijibu nikiangalia dawati. Lakini ndivyo ilivyo. Nauli uliyotuma anayo Mama, haijaguswa. Atakurudishia, uitumie wewe kuja huku.

Ulimwandikia Mama kwamba Kalumbwe ni pori tu, hakuna cha kuona wala cha kumfanya mzee akae. Mwaka juzi ulikuja kwa boti ya injini na wakubwa wa ofisi yako, mkanywa chai pale ufukweni mkaondoka, Bibi akiwa bado shambani. Aliporudi alikuta vikombe. Kwa hiyo nakuomba, kabla hujamhamisha mtu, njoo uone unamtoa wapi. Safari hii usije kwa boti. Njoo kwa miguu, kwa njia ya msituni kama ulivyokuwa ukirudi likizo zamani. Vijiji vimehamishwa na njia nyingi zimeota miti, kwa hiyo nakueleza ya sasa.

Ukishuka Sumbawanga vaa sweta, baridi ya mwezi huu haina huruma. Ulale kwa Mama, kule Kasense. Asubuhi nenda dukani kwa Bwana Huseni, umuulizie lori la mwanawe Selemani, linaloshusha chumvi na sabuni na kurudi na samaki wakavu. Usimuulize Selemani linaondoka saa ngapi. Linaondoka likijaa. Mimi nilimuuliza, akacheka mpaka utingo naye akacheka. Akaniambia, "Binti, kaa juu ya chumvi. Ukikaa juu ya sabuni utateleza mpaka Kate kabla sijawasha gari!"

Pale Kate lori linasimama ili watu wale. Nunua maharage na unga wa ulezi, ndiyo zawadi inayotakiwa huku, kwa sababu mwambaoni tunakula muhogo kila siku. Usilete biskuti. Bibi aliwapa kuku zile ulizoacha ulipokuja na boti.

Barabara inakwisha ukingoni, ardhi inapoanza kuporomoka kuelekea ziwani. Kuanzia hapo ni miguu yako. Usivae suti. Mbung'o wa msitu ule wanapenda nguo nyeusi, na wanauma kupitia shati. Vunja tawi lenye majani ujipungie nalo. Vaa viatu vilivyochakaa, vinavyoujua mguu wako. Kijito cha kwanza usinywe, ng'ombe wanapita hapo. Subiri cha pili, chini ya miti mikubwa ya mitundu, maji yake ni baridi kama ya Sumbawanga.

Mjomba, msitu huo haukuombi radhi kwa kuwa kimya. Mimi nilizoea redio ya jirani na kengele ya shule, na mwanzoni ukimya ule ulinitisha. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe, jani likidondoka, na mbega wakiruka juu kule nisikokuona. Halafu miti inaachana na ziwa linatokea lote kwa mara moja, na milima ya Zaire ng'ambo, hafifu kama moshi. Nilikaa chini. Nikajiuliza, hili ndilo pori tu?

Hapo ndipo Jiweni. Unalijua kuliko mimi, ni lile jiwe kubwa lililochomoza juu ya nyumba ya Bibi. Atokaye juu husimama pale akaita jina lake na jina la nyumba anayoiendea, kisha husubiri aitikiwe ndipo ateremke. Huko chini wanabandika maji jikoni, na mwenye nguvu anapanda kupokea mzigo. Mama aliniambia yote hayo. Lakini nilipofika nilitazama chini, nikaona watu wameanika dagaa, nikaona haya kupaza sauti. Nikateremka kimya.

Mbwa ndio walioniona kwanza. Kisha mama mmoja jirani, Kulsumu, mkausha dagaa, akasimama na ungo wake akasema kwa sauti ya kusikika ziwa zima, "Jamani, huyu ni mgeni au mwizi wa kuku?"

Bibi akatoka nje. Nikapiga magoti nikamwamkia. Hakuitikia.

"Wewe nani?" akauliza.

"Ni mimi Bibi, Silvana wa Kristiana."

"Silvana wa Kristiana sijamsikia akiita. Huku chini anayekuja kimya ana lake jambo. Rudi juu."

Nikafikiri anatania. Hakuwa anatania. Nilipanda tena kilima kile chote, machozi yananitoka, mzigo nimeuacha mlangoni. Nikaita. Sauti ikatoka nyembamba kama ya kifaranga, na nyani mmoja akabweka nyuma yangu. Chini wakaangua kicheko, nikamsikia Kulsumu akipaza sauti, "Nyani amekwisha kuitikia, sasa ita utujulishe na sisi!" Basi nikakasirika, Mjomba. Sijui hasira ile ilitoka wapi. Nikafunga macho nikaita kwa kifua chote: "Silvanaa! Nakwenda kwa Kalistaa!" Ziwa likanirudishia. Na Bibi akaitikia kutoka chini, "Teremka mwanangu, maji yapo motoni!" Niliposhuka mara ya pili alinikumbatia, akanipa ugali na samaki wa migebuka, na jambo la kuondoka nikalimeza pamoja na tonge.

Nililisema siku ya pili. Nilimwambia wewe unamtaka Dar es Salaam, kuna hospitali, kuna umeme, kuna chumba chake mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, huku akimenya muhogo. Kisha akasema, "Mwambie Flavian sikatai nyumba yake. Ila nyumba yangu ndiyo ya kwanza chini ya jiwe. Nikiondoka, atakayefika pale juu ataitikiwa na nani?"

Tangu hapo nimeangalia, nikaona kwamba ni kweli. Watu wa vijiji vidogo walipoletwa hapa mwaka jana wengi walipewa viwanja kule ghubani, mbali, upepo unawaletea sauti ya mawimbi tu. Kila anayeita Jiweni, Bibi ndiye anayemsikia, ndiye anayemwitikia, kisha anapeleka habari. Wiki iliyopita aliita mwanamke mjamzito kutoka juu, yupo peke yake, miguu imevimba. Bibi alimwitikia bila kunyamaza mpaka Kulsumu na mumewe wakamfikia. Kama jibu lisingekuwapo angegeuka, na kule nyuma giza lilikuwa linaingia. Mtoto amezaliwa, wa kiume, mzima.

Usidhani naona mazuri tu. Zahanati yetu ina kuta, bado haina bati. Mtu akizidiwa anapelekwa kwa mtumbwi, na ziwa likichafuka inabidi kungoja. Nilimwambia Bibi hayo. Akasema yeye alikuwa anayajua kabla mimi sijazaliwa na kabla yako wewe pia. Sasa mimi nimwambie nini zaidi? Na wewe utamwambia nini, ukimweka nyuma ya ukuta asikojua jina la jirani?

Mimi pia nabaki. Mwenyekiti ameniomba nisaidie darasa la kisomo cha watu wazima, na Kulsumu ndiye mwanafunzi wangu mbishi kuliko wote, anasema herufi "g" imekaa kama ndoana na anataka kujua inavua nini. Jioni, kifua kikimbana Bibi, mimi ndiye ninayetoka nje kuitikia. Mimi, Mjomba, niliyekuwa nazungumza na dawati. Kwa hiyo ukisema hakuna wa kumtunza mama yako, yupo. Ukisema huyo ni mtoto, sawa, lakini njoo uniambie huku, nikiwa nimesimama mlangoni kwake.

Njoo kabla ya mvua za Novemba, njia ikiwa kavu. Ukioga, tumia upande wa wanaume, kwenye mawe, wala usikaribie mdomo wa mto, mamba wapo. Utalala kwenye mkeka, na asubuhi Bibi atakupeleka shambani umwone anavyoshika jembe. Ukishaona yote, useme utakalo. Tutakusikiliza kwa heshima. Siahidi kwamba tutakutii.

Msalimie sana mkaza mjomba Sophia, na mdogo wangu Beda mwambie nimemwekea kobe. Kulsumu anakusalimu, anauliza kama Dar es Salaam bado mnakula biskuti. Bibi anakuombea kila jioni, anakutaja kwa jina lako la ubatizo na lile la nyumbani. Mungu akulinde safarini, akupe mguu mzima wa kuteremkia.

Na jambo la mwisho. Bibi anasema ulipokuwa mdogo hakuna aliyekuwa na sauti kama yako pale juu, na kwamba ataijua hata kama imelainika kwa kukaa ofisini. Basi ukifika Jiweni, uite. Mmoja wetu ataitikia. Lakini ukiteremka kimya kuja kumchukua, Mjomba wangu mpenzi, nitakuamkia kwa adabu zote, kisha nitakurudisha juu ukaite.

Mpwa wako akupendaye na anayekungoja,

Silvana