Begi la Baba la Kwendea Porini

Ntalikwa, Tabora

Kaka Eliya,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mvua zimeanza na mahindi yameota vizuri.

Lile begi la mgongoni ulilomtumia Baba limefika. Ni zuri, ila ni jeusi, kaka! Umekaa Dar mpaka umesahau kwamba nyuki hushambulia kitu cheusi? Baba amelitundika ukutani. Akienda kwenye mizinga bado anabeba vitu vyake kwenye kiroba, na kamba inamkata bega.

Nimekwenda Gongoni, dukani kwa Mama Mehjabeen, nikayajaribu mabegi yake kwa kuyajaza unga huku akinicheka. Nimechagua moja. Mikanda yake ni mipana, ina sponji, na kuna mkanda wa kiunoni ili mzigo usimwelemee mabegani. Chupa ya maji inakaa pembeni, anaifikia bila kulivua begi. Kifuani lina filimbi. Rangi yake ni ya chungwa, inawaka kama moto.

Kabla ya mvua Baba alipotea porini, kwenye njia ya mizinga yake mwenyewe. Tulimpita mara mbili, amekaa kimya kwenye majani makavu na shati lake la kaki, hatukumwona. Kumkataza nimejaribu, nimeshindwa.

Nitampa begi nikisema limetoka kwako. Akikupigia kuuliza kwa nini rangi ile, mwambie ni kwa ajili ya nyuki. Atakubali, maana ndiye aliyetufundisha.

Mdogo wako,
Apolinaria