Kivuli Nilichokitoa Sandukuni mwa Bi Mishi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo Bi Mishi anarudi kutoka Lamu na mimi sina uso wa kumpokea.

Mimi natoka Kitui, mume wangu Wekesa ni mfanyakazi wa bandarini, na tumepanga ghorofani kwa Bi Mishi hapa Mji wa Kale, yeye ni mjane na anakaa chini, na nilipojifungua ndiye aliyenikanda na kunipikia uji mpaka mamangu mzazi akaona wivu. Sasa mwaka jana tulikwenda tamasha la vyakula na ngoma, lile la uwanjani karibu na Ngome ya Yesu, bila kujitayarisha, jua likampiga mtoto akatapika jioni nzima, kwa hiyo safari hii niliapa haitatokea tena, nikanunua kofia, nikagandisha maji ya chupa, nikapika viazi karai, kilichobaki kikawa kitu cha kukalia na kivuli. Nikampigia simu Bi Mishi, kwa kuwa akisafiri funguo huniachia mimi, naye kwa ukarimu wake akaniambia, "Mkeka uko nyuma ya mlango na shuka zimo kabatini. Twaa chochote kitakachokusitiri na jua, mwanangu."

Shuka za kabatini zilikuwa fupi na nyepesi, nikaona sanduku chini ya kitanda, nikalivuta, nikalifungua, ndani mna kitambaa cheupe kirefu, kipya, hakijakatwa wala kushonwa, kimekunjwa pamoja na pamba, udi na kichupa cha marashi, nikadhani ni vitu vya harusi ya mjukuu, nikajiambia nitakirudisha kikiwa safi. Mshauri, kilitoa kivuli kizuri sana, tulikifunga kwenye fito nne, jirani yangu Ketty akaja na wanawe, tukala, tukacheka, mtoto akalala, na mmoja wa watoto akamwaga maji ya ukwaju yakarukia pembe ya kitambaa iliyoning'inia.

Ndipo akapita mama mmoja mtu mzima mwenye buibui, akasimama, akashika ncha ya kile kitambaa akainusa, akanitazama, akasema polepole, "Mwanangu, hii ni sanda. Mwenyewe yu hai?"

Nilishtuka, nimekula viazi chini ya sanda ya mtu anayenipigia simu kuniuliza kama nimekula, nikakifungua kwenye fito, nikakikunja, na tamasha lililobaki tulikaa juani. Baadaye nilimdodosa mpwa wake kuhusu sanda bila kusema nilichofanya, akaniambia kuwa Bi Mishi alikuja nayo kutoka hija, ameichovya kwa mikono yake katika maji ya zamzam. Nimeifua mara tatu na doa halitoki. Wekesa anasema tununue bafta nyeupe nyingine Biashara Street, tuikunje vilevile, tunyamaze, kwani atakayevishwa hatajua. Nifanyeje?

Mwende, Mji wa Kale


Mwende,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nilipofika kwenye ukwaju nikatafuta kiti. Miaka yote niliyokaa kwenye safu hii nimeletewa waume walioibwa na mashamba yaliyoibwa. Sanda kufanywa hema la viazi karai, hii ni mara ya kwanza, na bado sijapoa.

Hukujua ni sanda, hilo nakuamini, na pole kwa ulivyoshtuka. Lakini ulijua ni sanduku. Ulidhani ni vitu vya harusi na bado ukavibeba! Mama wa Mombasa akikwambia twaa chochote, anakufanyia heshima, naye anategemea umrudishie heshima hiyo kwa kutwaa alichokutajia. Alikutajia mkeka na shuka. Umekaa naye nyumba moja na hujajifunza hilo?

Sasa nisikilize. Acha kuifua, na dawa ya kung'arisha usiiguse. Ianike kivulini, ikunje, usiirudishe sandukuni. Bafta mpya usinunue mpaka yeye mwenyewe aseme. Ijumaa mwache afike, aoge, aswali, ale. Wageni wakishaondoka, teremka kwake peke yako, bila Wekesa na bila mtoto wa kukukingia hasira. Mpe mikononi, mwonyeshe doa, sema uliyoniambia mimi, kisha unyamaze. Usilie ukamfanya yeye ndiye wa kukubembeleza. Kama inafaa bado au haifai, atamuuliza shekhe wake. Huo si uamuzi wako. Akikasirika, ana haki. Akikaa kimya wiki nzima, mwamkie kila asubuhi kama kawaida na usimdai msamaha.

Na tamasha lijalo nunua turubai lako, maduka ya vifaa vya ujenzi yamejaa. Mtoto mdogo saa saba za mchana hana kazi uwanjani, mpeleke jua likipoa.

Wekesa mpe salamu zangu, umwambie hoja yake ya "hatajua" ndiyo iliyonishtua kuliko ukwaju. Bi Mishi alikwenda hija akachagua mwenyewe nguo yake ya mwisho. Mkimbadilishia, siku atakapovishwa hatakuwa na mdomo wa kuwauliza. Mwambie Bi Mishi sasa, angali anaweza kukugombeza.